Je, Ajali Haina Kinga?



Kila mara tunapomzika mtu aliyeuawa barabarani, twasikia maneno yale yale yakisemwa kaburini. Mmoja husema, "Siku yake ilikuwa imefika." Mwingine huitikia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Na wa tatu, mara nyingi mzee mwenye kuheshimiwa, huyafunga mazungumzo kwa methali ambayo hakuna asiyeijua: ajali haina kinga. Hatupendi kuwalaumu wafiwa kwa maneno hayo. Mtu aliye katika machozi hushika neno lolote lililo karibu, kama mfa maji ashikavyo jani. Lakini machozi yakisha kukauka, yatupasa kuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Maana yakiwa ya kweli, hatuna la kufanya ila kuchimba makaburi na kungoja zamu yetu. Na yakiwa si ya kweli, basi wako watu wenye deni mbele ya Mungu ambao hawajui kwamba wana deni, na huenda sisi tukawa miongoni mwao.

Leo twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, na swali letu ni hili: dereva apitaye kijijini kwa mwendo unaozidi ule ulioruhusiwa na sheria, akafika aendako bila kugusa hata kuku, je, ametenda dhambi au hakutenda? Wengi watajibu upesi kwamba hakutenda, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Sisi twaona kwamba ametenda, na tutajaribu kuonyesha kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. "Ajali" ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani mwisho wa maisha ya mtu uliokwisha kupangwa. Ajali ya mtu ni siku yake ya kufa. Baadaye tukalichukua neno hilo hilo tukaliita kila gari lipindukalo na kila mtoto agongwaye. Hivyo kabla hatujauliza dereva alikuwa akiendaje, na breki zilikuwaje, na kwa nini shule ilijengwa upande huu wa barabara na kisima upande ule, neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu: ilikuwa siku yake tu. Neno limemwachia mshitakiwa kabla ya kesi kusikilizwa.

Imani yetu yafundisha kwamba Mungu anaijua siku ya kila mmoja wetu. Walakini kuijua siku si kumsukuma mtu mwingine atende ovu siku hiyo. Mungu aliijua siku ya Abeli, wala jambo hilo halikumwondolea Kaini hatia yake. Aliulizwa alipo ndugu yake, na jibu lake la kujifanya hajui halikupokelewa. Kama "siku yake ilikuwa imefika" ingekuwa hoja ya kutosha, basi hata mwuaji mwenye kisu angeweza kuitoa mbele ya hakimu, na hakuna hakimu ambaye angeikubali. Kwa nini basi sisi twaikubali kutoka kwa mwenye usukani?

Wala tusidhani kwamba twazungumza juu ya jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba miongoni mwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua wengi zaidi. Zaidi ya nusu ya wafu hao hawakuwa ndani ya motokaa: ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na katika kila wafu 10, yapata 9 ni wa nchi maskini au zenye kipato cha kati, kama hizi zetu. Hapa kwetu hatujaisahau asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017 huko Karatu, basi dogo lilipotumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Hatuitaji siku hiyo ili kumhukumu mtu. Twaitaja kwa kuwa machozi ya taifa zima hayatoshi yasipofuatwa na fikira.

Basi tufikiri. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, twasoma juu ya watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni. Mmoja ainua shoka, chuma chachomoka katika mpini, chamwangukia mwenzake, naye afa. Sheria ya Mungu haikumwita mtu huyo mwuaji. Ilimtengea miji ya kukimbilia, tena ikaamuru njia ya kwenda huko itengenezwe, ili asiuawe na mwenye kulipiza kisasi. Hiyo ndiyo ajali ya kweli, na Mungu mwenyewe aihurumia. Wako madereva walioendesha polepole, macho wazi, gari zima, na hata hivyo mtu akafa mbele yao. Hao si wauaji. Mara nyingi hubeba majonzi maisha yao yote, na yatupasa kuwapokea na kuwafariji, wala si kuwapiga mawe barabarani, jambo ambalo ni dhambi nyingine juu ya msiba.

Lakini tuseme kwamba mwenye shoka alijua tangu jana kwamba chuma chacheza katika mpini. Tuseme jirani zake walikwisha kumwonya, naye akalizungusha vile vile katikati ya watu. Je, huyo naye apewe mji wa kukimbilia? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipojadili habari za mtu auaye bila kukusudia, alipambanua mambo mawili. Afanyaye jambo la halali, kwa uangalifu unaompasa, hana hatia ya mauaji. Bali yule asiyechukua tahadhari impasayo, huyo ana hatia, ijapokuwa hakumtakia mtu kifo. Kwa hiyo haitoshi kumwuliza dereva, "Je, ulikusudia?" Ni nani akusudiaye kumgonga mtoto? Swali la haki ni hili: "Ulijua nini, na ulijihadhari vipi?"

Na dereva anajua nini? Tuchukue gari dogo lenye breki nzuri, juu ya lami kavu, na dereva aliye macho kabisa, ahitajiye sekunde moja tu ya kuona hatari na kukanyaga breki. Akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, katika sekunde ile moja gari limekwisha kwenda mita 14, kisha lahitaji mita 14 nyingine kusimama. Jumla ni mita 28. Mwenzake aliye katika mwendo wa kilomita 60, afikapo mahali pale pale ambapo wa kwanza amesimama, bado anakwenda kilomita 40 kwa saa. Na wa tatu, aliye katika mwendo wa 80, amekwisha kupita mita 22 kabla mguu wake haujaanza kufanya kazi, na afikapo pale bado anakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto akitokea ghafula mita 30 mbele yao, kwa dereva wa kwanza ataondoka na hofu na kofi la mama yake. Kwa wa pili atalazwa hospitali. Kwa wa tatu ni kama gari lisilo na breki. Hayo si maoni yetu, ni hesabu ambayo kijana wa sekondari aweza kuifanya katika daftari lake. Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Hapo hatujasema neno juu ya mvua, wala usiku, wala tairi kipara, wala lori lenye shehena.

Mambo hayo hakuna mwenye leseni asiyeyajua, kama si kwa hesabu, basi kwa mwili wake, kila anapokanyaga breki na kuona jinsi gari linavyokataa kusimama. Chuma chacheza katika mpini, naye ajua.

Sasa tuwatazame madereva wawili. Wametoka mji mmoja, magari yao ni sawa, na wote wawili wapita katika kijiji kimoja kwa mwendo wa kilomita 90. Mbele ya wa kwanza mtoto atoka nyuma ya kibanda, anakimbiza mpira. Nusu saa baadaye, wa pili apitapo, mtoto mwingine aliyekuwa akicheza pale pale ameitwa na mama yake kula. Jioni ile wa kwanza yuko mahabusu, amejifunika uso. Wa pili yuko kwake anakunywa chai, na jamaa zake wamsifu kwa kuwahi kufika. Ni nini kilichowatenganisha? Si nia, kwa kuwa hakuna aliyekusudia mabaya. Si ujuzi, kwa kuwa wote walijua. Si uangalifu, kwa kuwa wote waliuacha. Kilichowatenganisha ni sauti ya mama aliyemwita mwanawe kula, na sauti hiyo dereva wa pili hakuitoa yeye. Kama jambo lililomwokoa halikutoka kwake, lawezaje kuusafisha moyo wake?

Mtu atauliza: mbona basi serikali humfunga wa kwanza na kumwacha wa pili? Ni kweli, nayo ina sababu. Mahakama ya wanadamu huhukumu mambo yanayoonekana, na damu huonekana. Kadhalika wa kwanza ana deni la kuwafariji wafiwa na kulipa hasara, deni ambalo wa pili hana. Lakini Mungu hutazama mahali ambapo tendo huzaliwa. Bwana wetu alipoieleza amri ya tano mlimani, hakuanza na maiti. Alianza na hasira ya moyoni. Vivyo hivyo twaweza kusema kwamba amri hiyo haikatazi kuua tu. Yakataza na moyo ule unaoufanya uhai wa jirani kuwa kitu cha kubahatisha. Dereva wa pili amecheza kamari kwa mtoto asiye wake, akashinda. Aliyeshinda kamari ya namna hiyo hana la kujivunia. Anayo ya kushukuru, na anayo ya kuungama.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ya nchi yetu yaagiza kwamba mahali penye makazi ya watu gari lisizidi kilomita 50 kwa saa, na kwamba mabasi na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500 yasizidi kilomita 80 hata nje ya makazi. Wengi huichukua sheria hiyo kama mchezo kati ya dereva na askari. "Nikikamatwa nitalipa, nisipokamatwa ni bahati yangu." Zamani walikuwako wanateolojia waliofundisha kwamba zipo sheria za adhabu tu, ambazo mtu asipozishika hatendi dhambi, mradi awe tayari kulipa faini. Madereva wetu wengi ni wanafunzi wa wanateolojia hao bila kuwajua majina. Lakini fundisho hilo, hata kama lingefaa kwa ushuru fulani au kibali fulani, haliwezi kufaa kwa sheria inayolinda uhai. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotangazwa na mwenye kuwatunza watu. Sheria ya mwendo yatimiza hayo yote. Ni amri ya tano iliyoandikwa kwa tarakimu. Faini yaweza kulipa kosa dhidi ya kitabu cha serikali. Haiwezi kununua ruhusa ya kuhatarisha mtoto wa mwenzako.

Wala hili si jambo tulilolitunga sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliwataja kwa wazi watu wanaodharau sheria za mwendo wa magari, ukawaonya kwamba kwa kutojali huko wahatarisha uhai wao na wa wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yasema kwamba wana hatia nzito wale ambao, kwa ulevi au kwa kupenda kasi kupita kiasi, wahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani. Angalieni vema: haisemi "wale wauao", yasema "wale wahatarishao". Na tarehe 19 Juni 2007 idara moja ya Vatikano ilitoa mwongozo wa kichungaji juu ya barabara, wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ile tunayoijua tangu Sinai, ya kutokuua.

Twajua kwamba liko pingamizi, nalo si la kipuuzi. Madereva husema, "Kibao cha 50 kimesimikwa porini, hakuna nyumba wala mbuzi, na askari mwenye tochi amejificha nyuma ya mti. Hiyo ni sheria au ni mtego?" Twajibu kwa pande mbili. Kwa upande wa wenye mamlaka, kibao kisicho na sababu ni dhara, kwa maana chamfundisha dereva kuvidharau vibao vyote, hata kile kilicho mbele ya shule. Askari ajifichaye ili kupata chochote mfukoni aiba mara mbili: aiba fedha, na aiba heshima ya sheria. Kwa upande wa dereva, yeye si hakimu wa kila kibao. Huenda kibao kinajua asilolijua yeye: kona, njia ya wanafunzi, kisima, au mahali ambapo watu wengine walikwisha kufa. Asiyeona sababu na apunguze mwendo kwanza, kisha apeleke malalamiko yake mahali panapohusika.

Na ile desturi ya madereva kuonyeshana taa ili kuonyana kwamba mbele yuko askari? Wengi huihesabu kuwa ni undugu. Lakini tuulize: ni undugu kwa nani? Ukimwonya mwenzako ili apunguze mwendo kwa mita 500 tu, kisha arudie kasi yake kijiji kinachofuata, umemfanyia wema yeye na kumfanyia ubaya mtoto wa kijiji hicho. Heri tungeonyeshana taa kwa ajili ya watoto wanaovuka.

Tupime pia faida tunayoipata kwa dhambi hii, maana shetani kwa kawaida hulipa vizuri zaidi. Kijiji chenye urefu wa kilomita 2, ukipita kwa mwendo wa 50, watumia dakika 2 na sekunde 24. Ukipita kwa mwendo wa 80, watumia dakika 1 na sekunde 30. Faida yako yote ni sekunde 54. Hazitoshi hata kusali fumbo moja la Rozari. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Sisi twaiweka rehani roho ya jirani kwa muda usiotosha kumenya chungwa. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nasi twaongeza kwamba barabarani hata haraka yenyewe haipo.

Hata hivyo tusimtupie dereva mzigo wote. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeagizwa juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ikiwa ni mara yake ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Bali ikiwa ng'ombe alizoea kupiga, na mwenyewe alionywa asimfunge, basi mwenye ng'ombe naye ana hatia ya damu. Na wasome hayo wenye mabasi, wenye daladala na wenye bodaboda. Mwenye gari adaiye hesabu ya siku ambayo haiwezi kupatikana ila kwa kukimbia, huyo amekwisha kumwamuru dereva wake avunje sheria, ijapokuwa hakufungua kinywa. Mwenye kampuni amwambiaye fundi akichezee kidhibiti mwendo usiku, huyo amelegeza chuma cha shoka kwa mkono wake. Jirani zetu wa Kenya, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kushikwa mwaka 2004, waliagiza magari ya abiria yafungwe vidhibiti visivyozidi kilomita 80 pamoja na mikanda ya usalama. Ni agizo jema. Lakini hakuna kifaa kitakachomshinda mwenye mali asiye na dhamiri.

Na sisi abiria je? Ni nani apigaye kelele, "Dereva, kanyaga twende, mbona waendesha kama umebeba mayai?" Ni sisi. Ni nani achaguaye basi linalosifiwa kwa kuwahi, na kulikimbia lile liendalo kwa kiasi? Ni sisi tena. Na pale tunapoogopa, mara nyingi twanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Watu 60 wanaogopa, na hakuna hata mmoja afunguaye kinywa kumwambia mtu mmoja, "Mwanangu, punguza mwendo." Kunyamaza huko tukuite kwa jina lake: ni woga, na wakati mwingine ni ushiriki.

Limebaki neno juu ya wale wapangao na kujenga barabara. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tafakarini agizo hilo. Halimwambii mgeni, "Tembea kwa hadhari darini." Lamwambia mwenye nyumba, "Jenga ukuta." Mungu ajua kwamba watu hujikwaa, na ajengaye lazima akumbuke hivyo. Basi barabara pana ya lami inayokata kijiji katikati, bila njia ya waendao kwa miguu, bila kivuko mbele ya shule, bila tuta wala kibao, ni dari isiyo na ukuta. Twaifurahia lami, nayo ni baraka kwa mkulima na kwa mgonjwa. Lakini lami huleta kasi, na ajengaye lami bila kuleta kinga ya kasi amejenga nusu ya kazi. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani nchini Kenya, lori liliacha njia likawaingia watu waliokuwa wakifanya biashara na kungoja magari kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Kila mmoja wetu ajua masoko kama hayo hapa kwetu, ambapo nyanya hupangwa hatua mbili tu kutoka kwenye magurudumu. Mama muuza nyanya hakai pale kwa kupenda. Akae wapi, kama aliyepanga barabara hakumkumbuka?

Na hapa ndipo ile methali inapoanguka. Kama ajali haina kinga, wengine wameipata wapi? Mwaka 1997 bunge la Uswidi liliamua kwamba shabaha ya nchi iwe mtu yeyote asife wala asilemazwe barabarani, na kwamba barabara zijengwe kwa kukumbuka kuwa mwanadamu hukosea. Mwaka 2019 katika mji wa Helsinki hakuna hata mtu mmoja aendaye kwa miguu aliyeuawa na gari mwaka mzima, na mwaka huo huo katika mji wa Oslo hakuuawa aendaye kwa miguu wala mpanda baiskeli. Watu wa huko hufa kama sisi, na siku zao Mungu azijua kama azijuavyo zetu. Walichofanya ni kupunguza mwendo, katika mitaa mingi hadi kilomita 30 kwa saa, na kuwatenga watu na magari. Mtu akisema kwamba hizo ni nchi tajiri, na atazame Dar es Salaam, ambako shirika la Amend lilianzisha mpango uitwao SARSAI wa kulinda njia za watoto waendao shule za msingi: njia za miguu, matuta, vizuizi na vibao. Ni mambo ya gharama ndogo, na mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa. Kinga ipo. Iliyopungua ni nia.

Wapenzi wasomaji, twajua kwamba wengi wenu huleta magari yenu kanisani yabarikiwe, nasi mapadre twayabariki kwa furaha. Rozari huning'inizwa mbele ya dereva, na nyuma ya basi huandikwa jina la Mungu. Yote ni mema. Lakini mkumbuke jinsi shetani alivyomchukua Bwana wetu hadi juu ya mnara wa Hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Bwana alikataa, akasema kwamba hairuhusiwi kumjaribu Mungu. Dereva akimbiaye kwa kasi huku akiitegemea Rozari afanya lile ambalo Kristo alilikataa. Baraka ya Kanisa ni sala ya kuomba ulinzi kwa ajili ya mtu mwenye hadhari. Si kibali cha kuiacha hadhari.

Basi tufanye nini? Baba wa familia mwenye gari au pikipiki na apime mwendo wake kama apimavyo maneno yake, na asiwapakie watoto watatu juu ya bodaboda kwa sababu tu shule ni karibu. Mama na awafundishe watoto kutembea upande wa kulia wa barabara, wayaone magari yajayo, na kusimama kabla ya kuvuka. Viongozi wa kwaya na wa vyama vya kitume, wanapokodi gari la kwenda hija au harusini, wasiulize bei peke yake; waulize na tairi, na dereva amelala saa ngapi, na wamwambie mbele ya wote kwamba hakuna atakayemlaumu kwa kuchelewa. Halmashauri za parokia na ziende kwa wenyeviti wa vijiji na kwa wakala wa barabara kuomba tuta na kivuko mbele ya shule, tena zirudi kuomba kama mjane yule wa Injili asiyechoka. Na sisi sote, tunapojitayarisha kwa Kitubio na kufika kwenye amri ya tano, tusiipite upesi tukisema, "Sijaua." Tujiulize pia: je, nimeuweka uhai wa jirani yangu katika bahati nasibu?

Siku zetu zimo mikononi mwa Mungu. Hilo twaliamini na twaliungama. Lakini usukani ameuweka mikononi mwetu, na siku ile ya mwisho atatuuliza habari za usukani.